Maziwa Yasiyonuka Petroli

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kunusa. Nilikuwa nimemaliza shule upande wa Machakos, nikaja kukaa kwa shangazi yangu Kitengela, na miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni nikapata nafasi katika kituo kidogo cha kupokea maziwa kando ya barabara ya Namanga. Kila asubuhi, kabla maziwa hayajamiminwa ndani ya tangi la kupozea, nilifungua mtungi mmoja mmoja wa alumini, nikainamisha uso na kuvuta pumzi moja tu. Baada ya hapo ndipo nilipotumbukiza laktomita kuona kama yametiwa maji, na kuyachanganya na spiriti kidogo kuona kama yameanza kuchacha. Vipimo hivyo vilikuja nyuma ya pua. Pua ikikataa, vipimo havikuulizwa.

Watu hucheka ninapowasimulia haya, nami sioni cha kuchekesha. Maziwa ni chakula kisichojua kujilinda. Hushika harufu ya kitunguu kilicho karibu nayo, ya zizi lenye unyevu, ya sabuni, ya mkono wa aliyekamua. Mtungi mmoja mbovu ukimiminwa tangini huharibu kazi ya kila mtu aliyetangulia. Kwa hiyo sheria ya kituo ilikuwa kali, nami niliipenda kwa ukali wake: kikundi ambacho maziwa yake yangekataliwa mara tatu katika mwezi mmoja kilifutwa katika orodha, na nafasi yake ikapewa kikundi kingine kilichokuwa kikingoja. Hapakuwa na rufaa.

Walikuwepo wanawake watano wa Kimaasai kutoka Kisaju, soko dogo lililo kusini mwa Kitengela katika barabara hiyohiyo. Kila mmoja alikuwa na mtungi wake. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mrefu, kichwa kimenyolewa, mwenye ulimi uliokata kama wembe na macho yaliyokutazama mpaka ukakumbuka dhambi zako. Asubuhi aliyofika mara ya kwanza aliniamkia kwa Kimaa, “Takwenya,” nami, niliyekuwa nimefundishwa siku hiyohiyo, nikaitika, “Iko.” Akatabasamu kidogo, kisha akanyoosha kidole kwenye mitungi.

“Ng'ombe ni ya mzee,” aliniambia. “Hii maziwa ni yangu. Uiangalie vizuri.”

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba katika maneno hayo alikuwa amenieleza hali yake yote. Ng'ombe waliuzwa na kununuliwa kwa amri ya mume, bali maziwa ya asubuhi yalikuwa mikononi mwa mke, na pesa iliyotoka katika maziwa hakuna mwanamume aliyeiuliza. Wanawake wale walikuwa wamengoja muda mrefu kupata nafasi katika orodha yetu. Wakifutwa, wangerudi kusimama kando ya barabara na vibuyu vyao, wakimngojea mpita njia mwenye kiu.

Nilikataa maziwa yao kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu. Nilifungua mtungi wa kwanza, nikainama, na ile pumzi moja ikanichoma puani. Petroli. Niliufungua wa pili, wa tatu, yote mitano, ilikuwa vilevile. Nilimwita msimamizi wetu, mzee mkimya aliyekuwa hapendi kusemeshwa asubuhi, naye akanusa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sababu haikuwa siri. Pikapu iliyowabebea maziwa ilitoka Kitengela alfajiri ikiwa imebeba madumu ya petroli, kwa kuwa Kisaju hapakuwa na kituo cha mafuta na watu waliinunua kwa chupa sokoni. Petroli ikishushwa, mitungi ya maziwa ilipandishwa palepale, juu ya mbao zilizolowa. Vifuniko vilikuwa vimeanza kulegea. Dereva alipoulizwa aliapa kwamba husafisha gari kila siku.

“Unaisafisha na nini?” mama alimuuliza mbele yangu.

“Na petroli, mama. Hakuna kitu inatoa uchafu kama petroli.”

Sijui kama aliwahi kujisikia alivyosema. Hata hivyo simlaumu peke yake. Mji wetu wote uliishi hivyo. Kitengela ilikuwa mji uliozaliwa na barabara, na barabara ilikunywa mafuta kuanzia asubuhi hadi jioni. Malori ya mawe yalitoka machimboni yakiacha michirizi myeusi. Magereji yalimwaga oili chafu chini, na pale ambapo haikumwagwa iliombwa kwa adabu na wenye viwanja, wakaipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile, kisha wakamwaga iliyobaki mlangoni ili vumbi litulie. Mvua ilipokuja, mifereji ilipita ikimeta rangi saba, na watoto waliita jambo hilo upinde wa mvua. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tumezoea harufu ile kiasi cha kuiita harufu ya maendeleo.

Siku nne baadaye wanawake wale walileta maziwa tena, na mama aliteremka kwenye pikapu akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi vizuri. Nilifungua mtungi. Moshi uliniingia kichwani kama nimejifungia jikoni.

Ili mtu aelewe walichofanya ni lazima ajue kibuyu cha Kimaasai. Kibuyu cha maziwa hakisafishwi kwa sabuni. Huchukuliwa kijiti cha mti wa oloirien kinachowaka, kikasuguliwa ndani mpaka kuta zote zikashika moshi, kisha majivu yakafutwa kwa usinga. Maziwa hukaa humo siku kadhaa bila kuharibika, na ladha ile ya moshi ndiyo alama ya mke mwenye mikono safi. Kibuyu kisicho na moshi ni aibu ya nyumba. Basi wanawake watano walipoambiwa kwamba maziwa yao yananuka, walifanya kile ambacho mama zao na nyanya zao wangefanya: walikesha wakiifukiza mitungi ya alumini kwa oloirien, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wote.

“Sasa inanuka nini?” mama aliuliza alipoona uso wangu.

“Moshi, mama.”

“Moshi ni usafi!”

“Kwa kibuyu, ndiyo. Hapa inaenda kuchanganywa na ya watu wengine. Na chini ya moshi bado kuna petroli.”

“Chini ya moshi!” Aliwageukia wenzake, akawaambia jambo kwa Kimaa, nao wakaguna. “Huyu msichana ako na pua ya mbweha. Mbweha ananusa mfupa chini ya mchanga.”

Msimamizi alikuja, akanusa, akatikisa kichwa kama mara ya kwanza.

“Imebaki mara ngapi?” mama aliuliza.

“Moja,” nilimwambia.

Wenzake waliondoka na pikapu na maziwa yao. Yeye alisimama kando ya lango la kituo hadi nilipomaliza zamu, na nilipotoka alikuwa bado amesimama palepale, kivuli chake kimehama upande wa pili. Nilijua kwamba hukumu yangu ilikuwa ya haki. Nilijua pia kwamba haki peke yake haimpi mtu kikombe cha chai. Nikamkaribisha nyumbani.

Shangazi alipanga chumba katika ploti ya mabati yenye milango minane na bomba moja uani. Chumba kilichokuwa karibu na bomba kilikaliwa na mzee mmoja kutoka magharibi ya nchi, ambaye sote tulimwita Fundi. Alikuwa ametumika miaka mingi katika ghala la unga huko Athi River, akitengeneza yale magari madogo ya kuinulia mizigo yanayotumia betri. Ghala lilipobadilisha mashine zake, za zamani ziliuzwa kama vyuma chakavu, na Fundi akanunua mota moja pamoja na betri zilizokuwa bado na uhai. Kisha akatafuta pikapu ndogo iliyokufa injini, akaing'oa ile injini, na mahali pake akafunga mota. Betri alizipanga nyingine mbele na nyingine chini ya kiti. Aliichaji mchana kutwa kwa waya uliopita dirishani kwake.

Gari lile lilikuwa mzaha wa ploti nzima. Tulipofika, jirani mmoja aliyekuwa akifua nguo bombani alikuwa tayari amelivalia njuga.

“Fundi, hiyo tochi yako leo umeiwasha?”

“Imewaka, mama watoto.”

“Na ikizima njiani utaipiga makofi kama redio?”

“Nitatoa betri nianike kwa jua,” Fundi alijibu bila kuinua kichwa, na yule mwanamke akacheka hadi akaangusha sabuni, kwa sababu nani kati yetu hakuwahi kuanika betri za redio juu ya bati ili apate taarifa ya habari ya jioni?

Nami nilikuwa nimemcheka, lakini nilikuwa nimekwisha kuona mambo yaliyonitia haya. Alipoing'oa ile injini, oili chafu ilijaa ndoo mbili, na majirani watatu walikuja kuiomba kwa ajili ya nguzo zao. Aliwanyima wote. Nyuma ya ploti palikuwa na kisima cha jirani. “Nguzo itapona, kisima kitakufa,” aliwaambia, akaifungia ile oili katika pipa lenye kifuniko, nao wakamwita mchoyo. Tindikali ya betri ilipomwagika hakuifagia nje kama wengine wangefanya. Aliinyunyizia magadi mpaka ikaacha kuchemka, kisha akauzoa ule udongo. Betri zilizokufa kabisa alizipanga chumbani mwake, chini ya kitanda. Alipoulizwa anaziweka za nini alisema kwamba madini ya risasi yaliyo ndani ni sumu, na yeye aliyeyaleta hapo ndiye wa kuyalinda mpaka apate mahali halali pa kuyapeleka. Nimewasoma watu wengi walioandika juu ya kuitunza dunia. Sijakutana na wengi waliolala juu ya taka zao wenyewe ili jirani asizikanyage.

Nilikuwa kijana mkaidi, na siku hiyohiyo, nikiwa namimina chai, nilimjaribu.

“Fundi, si hiyo stima yenyewe inatengenezwa mahali? Na kunaeza kuwa na moshi huko.”

“Kweli. Lakini hii yetu mingi inatoka kwa mto.”

“Na mto ukikauka?”

“Basi tutatembea, msichana wangu. Mto ukikauka unaeza rudi na mvua. Hayo mafuta yakiisha, nani atayanyeshea?”

Mama wa Kisaju alikuwa akisikiliza, kikombe mkononi. Alikiweka chini. Akaliendea lile gari bila kuomba ruhusa, akainua boneti akaingiza kichwa ndani, akanusa. Akazunguka nyuma, akainama juu ya mbao za kubebea mizigo, pua karibu iguse. Akanusa matairi, akanusa usukani, mwishowe akamshika Fundi mkono na kuunusa pia. Nilimtazama kama mtu anayeona kazi yake ikifanywa na bingwa.

“Haina petroli,” alisema. “Iko na harufu ya chuma na ya mvua.”

“Mama, mimi nimetengeneza gari za kubeba unga ndani ya stoo,” Fundi alimwambia. “Unajua kwa nini zilikuwa za betri? Ili unga isinuke.”

“Basi utabeba maziwa yangu.”

“Pole pole. Kisaju sijawahi fika nayo. Mwisho wangu ni pale kwa machimbo, na narudi nikiomba Mungu. Hizi betri ni za zamani kama mimi.”

“Ikizima?”

“Nitakwama na maziwa yako.”

“Hapana,” mama alisema. “Utakwama na jina langu.”

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemkaribia ili nimpokee kikombe, naye badala ya kunipa kikombe alinishika kiganja, akakiinua hadi puani, akakinusa kwa pumzi moja, kama nifanyavyo mimi.

“Na wewe je?” aliuliza. “Wewe unanuka mafuta ya taa.”

Nilikuwa nimetoka kuwasha stovu. Niliiwasha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikapitisha vidole vyangu juu ya vifuniko vya mitungi ya watu. Nilitaka kumweleza kwamba msimamizi alinusa pia mara zote mbili, na kwamba petroli na mafuta ya taa si kitu kimoja, na hayo yote yalikuwa kweli. Hukumu haikuwa ya uongo. Lakini nilijua, nikiwa nimesimama uani na mkono wangu umeshikwa, kwamba nilikuwa nimehukumu kwa mikono michafu, na kwamba katika mji mzima mtu wa kwanza kulitambua jambo hilo alikuwa mwanamke niliyemkataa.

Jirani wa bombani alicheka peke yake. “Hakimu amepatikana na mali ya wizi!”

“Nitaosha, mama,” nilisema.

“Osha,” alisema. “Na sisi tutaosha.”

Walikubaliana safari iwe Jumatano. Mama alirudi Kisaju kuwaambia wenzake waisugue mitungi kwa mchanga na maji ya moto na kuianika wazi, wasiitie moshi. Kwa mke wa Kimaasai kuambiwa asifukize chombo cha maziwa ni sawa na kuambiwa aende kanisani bila kunawa uso. Alikubali kuwaambia.

Siku hizi wako vijana wanaonieleza habari za magari ya umeme kana kwamba ni muujiza uliovuka bahari jana. Mimi huwasikiliza kwa heshima. Lakini huwa nashindwa kuwafurahia wanapoyasifu kwa mbio zake na vioo vyake, kwa sababu nililolijua mimi halikuwa na mbio wala vioo, na sifa yake ilikuwa moja tu: halikuacha kitu juu ya mzigo lililoubeba. Naamini hicho ndicho kipimo. Chombo tunachokitumia kinaacha nini juu ya wengine? Mafuta yalitupa mwendo, siwezi kuyakana. Malori yaleyale yaliyonichukiza ndiyo yaliyoleta mawe ya shule niliyokuja kufundisha baadaye. Ila yalitufundisha pia kumwaga tusichokitaka mlangoni mwa mwenzetu na kuendelea na safari, na somo hilo tulilifahamu upesi kuliko masomo mengine.

Jumanne alasiri stima ilipotea. Ilikuwa kiangazi, na kukatika kwake lilikuwa jambo la kawaida, lakini safari hii ilikuja kurudi jua likitua, ikakaa kidogo, ikapotea tena. Fundi aliweka kipimo chake juu ya betri moja moja, midomo ikihesabu kimya.

“Zimejaa?” nilimuuliza.

“Zimekula nusu sahani.”

“Utaenda?”

“Nimemwambia mama wa watu nitafika. Barabara inapanda kwenda, inateremka kurudi. Nitaenda mtupu, nitarudi na mzigo. Mungu aliipanga vizuri hiyo barabara.”

Asubuhi ya Jumatano sikuwasha stovu. Nilikunywa maji, nikala kiazi cha jana, nikasugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawasha. Fundi alikuwa ameondoka bado kuna umande.

Safari yenyewe nilisimuliwa baadaye na yeye mwenyewe. Alipanda kuelekea Kisaju kwa mwendo wa punda, malori ya mawe yakimpigia honi, na utingo mmoja akichungulia dirishani akampigia kelele, “Mzee, shuka tukusukumie!” Alifika. Mitungi ikapangwa juu ya majani makavu, mama akaketi mbele pamoja naye. Kurudi aliliacha gari literemke kwa uzito wake kila lilipoweza, asiikanyage mota ila ilipombidi. Palipokuwa na mwinuko, hata ule mdogo wa darajani, mama alishuka bila kuambiwa, akapanda kwa miguu nyuma ya gari, mkono mmoja juu ya mitungi, kisha akaingia tena. Fundi alisema kwamba hajawahi kuendesha gari pamoja na mtu aliyelisikiliza kiasi kile.

Kituoni, mlango wa kupokea ulikuwa ukifungwa saa tatu kamili. Vikundi vingine vilikuwa vimemaliza. Msimamizi alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Kisaju wanakuja na gari la yule mzee wa tochi. Nilisimama langoni nikisikiliza barabara. Kila mngurumo niliosikia ulikuwa wa lori. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa niliposikia, karibu nami, mitungi ikigongana polepole, nikageuka na kuliona gari likiingia langoni bila sauti yoyote, likitambaa kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Nilikuwa nimesahau kwamba hapakuwa na cha kusikia.

Lilisimama hatua chache kabla ya kizingiti. Fundi akakanyaga tena. Halikusogea.

“Imetosha,” alisema, akashuka. “Hapo ni mikono.”

Tuliibeba mitungi mpaka ndani. Dakika zilikuwa zimebaki chache. Mama alisimama upande wa pili wa meza, ameificha mikono ndani ya shuka. Kabla sijafungua kitu chochote nilimnyooshea viganja vyangu vyote viwili. Msimamizi alikunja uso, asielewe. Mama aliinama, akanusa kimoja, akanusa cha pili, hakuharakisha.

“Fungua,” alisema.

Nilifungua wa kwanza nikavuta pumzi. Nilisikia harufu ya nyasi kavu, ya ng'ombe, na ya utamu ule mzito wa maziwa ambayo bado yana joto la kiwele. Hapakuwa na kitu chini yake. Wa pili ulikuwa hivyo. Katika wa tatu nilisita, nikarudia, kwa kuwa niliogopa kwamba natamani kukubali. Kisha nikamwita msimamizi aseme yeye. Alinusa. Hakutikisa kichwa. Wa nne alinusa kabla yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema neno jema asubuhi.

“Hii ni maziwa,” alisema. “Mimina.”

Laktomita ilikubali, spiriti ikakubali. Maziwa ya Kisaju yakaingia tangini pamoja na ya watu wengine. Nilitafuta mtungi wa tano ili niufungue, nikatazama chini ya meza, nikatazama nyuma kule garini. Palikuwa na majani matupu.

“Mama, mko watano,” nilimwambia. “Wa tano uko wapi?”

“Umebaki nyumbani.”

“Ulimwagika?”

“Niliunusa asubuhi. Moshi ulikuwa haujatoka. Hizi nne ziliosheka, hiyo moja ilikataa.” Aliyasema kama mtu anayesoma tangazo. “Watoto wamekunywa.”

“Ulikuwa wa nani?” msimamizi aliuliza.

Mama alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la kitoto.

“Wangu,” alisema. “Ni mimi niliufukiza kuwashinda wote.”

Angeweza kuuleta. Harufu ile, kwa alivyoieleza, ilikuwa ndogo, na pua yangu ilikuwa imechoka kwa hofu, huenda ingeupitisha. Alikuwa mwenye haja kubwa kuliko wote na ndiye aliyelitafuta gari, akalisikiliza njia nzima. Naye aliuondoa wa kwake kwanza, nyumbani kwake, mahali ambapo hapakuwa na macho ya mtu yeyote. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi nikifundisha watoto wa watu uaminifu ni nini, na kila nilipofika kwenye somo hilo nilikuwa nikijitahidi tu kueleza ule mtungi ambao haukuja.

Niliandika jina la kikundi katika daftari la kupokea, na mbele yake mitungi minne, imekubaliwa. Nilimgeuzia daftari aone. Hakuwa amesoma, lakini aliuweka mkono wake juu ya mstari ule na kuuacha hapo kidogo.

“Ashe,” alinishukuru, kisha akamgeukia Fundi aliyekuwa ameegemea mlango. “Baba, gari yako inaeza kunirudisha?”

“Leo hapana, mama. Imekufa mpaka stima irudi.”

“Basi mimi si betri,” alisema, akajifunga shuka vizuri begani, akaishika barabara kwa miguu kuelekea Kisaju, upande ule unaopanda.

Stima ilirudi saa sita mchana. Kesho yake walileta mitungi mitano.